Samoni uile na nini? Anza na mafuta yake

Mtu akinunua samoni, swali la kwanza huwa la samaki mwenyewe: aokwe au akaangwe, atiwe viungo gani. La kuliwa na nini huachwa mpaka samaki yuko motoni, ndipo friji inafunguliwa na kilicho karibu kinatolewa. Mimi naenda kinyume. Vya pembeni naviamua kabla ya kugusa samaki, kwa sababu samoni hataki ufundi mwingi. Chumvi, pilipili manga na moto wa wastani vinamtosha. Sahani ikipooza, mara nyingi tatizo ni kile kilichowekwa kando yake.

Samoni ni samaki wa mafuta. Yule wa kufugwa ana takribani gramu 13 za mafuta katika kila gramu 100 za nyama mbichi. Wa porini hutegemea aina, lakini wengi wako chini ya hapo. Mafuta hayo ndiyo utamu wake na ndiyo yanayokinaisha. Vipande vya mwanzo ni raha tupu, kisha ukifika katikati ulimi unakuwa mzito na hamu inapungua. Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachotafuta ni ugwadu. Cha pili ni kitu kibichi au kisichoiva sana, chenye kutafunika, maana nyama ya samoni ni laini mno. Wanga unakuja mwisho, tena uwe wanga usio na makuu.

Ndiyo sababu pasta ya krimu na jibini kando ya samoni wa kufugwa siielewi. Wanaoipenda ni wengi na sina ugomvi nao, ila kwangu ni mafuta juu ya mafuta. Viazi vya kuponda navipika, lakini siagi naipunguza na mahali pake natia kijiko cha haradali na maganda ya limau yaliyokunwa. Vinabaki laini bila kuulemea mdomo.

Kama ningeruhusiwa kitu kimoja tu, ningechagua tango. Si vile vipande vinene vinavyotupwa juu ya majani ya saladi. Likate jembamba kabisa, karibu upenyeze mwanga, nyunyiza nusu kijiko cha chai cha chumvi, changanya kwa mkono, weka kwenye chujio na uliache kama dakika 20. Litatoa maji mengi kuliko unavyotarajia. Likamue kwa kiganja, bila huruma, mpaka vipande vilegee lakini bado vinalia kidogo ukivitafuna. Tia vijiko viwili vikubwa vya siki, sukari kijiko kimoja cha chai, na majani ya bizari (dill) au kotimiri. Ukiruka hatua ya kulikamua, maji ya tango yatazimua siki na kutiririka hadi chini ya samaki, na ile ngozi uliyoihangaikia mpaka ikakauka italainika tena.

Mboga za kijani zinamfaa karibu zote, mradi zisipikwe zikafa rangi. Maharagwe machanga yanataka dakika nne au tano kwenye maji yanayotokota yenye chumvi, kisha yamwage na uyapitishe kwenye maji baridi. Asparagasi nyembamba zinaiva haraka zaidi. Brokoli mimi naipenda ikiokwa hadi ncha zake ziungue kidogo, kwa sababu ule uchungu mdogo unakata mafuta karibu sawa na limau. Spinachi ni nzuri lakini iminye maji kwanza. Biti ladha yake inapatana na samoni vizuri sana, hasa ikitiwa siki, ila ipe bakuli lake, la sivyo kila kitu kwenye sahani kitakuwa chekundu.

Kwenye wanga, viazi vidogo vya kuchemsha na maganda yake ndiyo njia salama. Vipasue vikiwa bado vya moto na uvimwagie siki kidogo papo hapo, maana kiazi cha moto hunyonya ladha kuliko kilichopoa. Wali mweupe uliochambuka ni mzuri pale samaki ana mchuzi wake. Dengu za kijani zinazobaki nzima baada ya kuiva watu huzisahau, na ni hasara: zipike na kitunguu, zimalizie kwa siki na haradali, na hutahitaji wanga mwingine.

Angalia pia samoni wako amepikwaje. Aliyepakwa asali na sosi ya soya tayari ni mtamu na ana chumvi. Ukimpa karoti za sukari au viazi vitamu umemzidishia utamu. Mpe wali usio na chumvi na kitu kilichokaa kwenye siki. Aliyekaangwa ngozi ikakauka, sosi iwekwe chini au kando, isimwagwe juu. Aliyechemshwa taratibu kwenye maji ya viungo ni laini kila upande, hivyo figili mbichi au kabichi iliyokatwa nyembamba inamsaidia kuliko viazi vya kuponda. Aliyefukizwa moshi baridi hahitaji moto tena, na kwa kuwa ana chumvi nyingi, mtafutie vitu vilivyopoa: mkate mzito, mtindi mzito, tango, kitunguu chekundu.

Kuna jambo jingine ambalo mapishi mengi hayalitilii mkazo: samoni hangoji. Mnofu wenye unene wa sentimita mbili na nusu, kwenye oveni ya nyuzi 200, unamaliza kazi kwa dakika 12 hadi 15, na ukiutoa bado joto lake linaendelea kuupika ndani. Mwongozo wa Marekani unataka katikati pafike nyuzi 63. Wapishi wengi huutoa mapema kuliko hapo ili usikauke. Kwa vyovyote vile, ukianza kumenya viazi samaki akiwa motoni umechelewa. Chagua vya pembeni vinavyovumilia kukaa, kama tango, dengu au kabichi, au vile vinavyoweza kuingia oveni pamoja naye. Trei moja inatosha: viazi vilivyokatwa nusu na kupakwa mafuta vinatangulia dakika 20 hivi, vigeuze, visogeze pembeni, kisha samaki na asparagasi vinaingia kwa pamoja. Usiijaze trei mpaka vitu vipandiane. Vikibanana vinatoa mvuke badala ya kuokeka, na viazi vitatoka vyeupe na vyenye unyevu.

Wageni wakiwa wengi, siongezi aina za vyakula, naongeza kiasi. Kimoja chenye ugwadu, kimoja cha kijani na wanga mmoja vinatosha meza nzima. Limau nalikata vipande virefu na kumwekea kila mtu chake, kwa sababu kila mmoja ana kiwango chake cha ugwadu, na limau lililokamuliwa juu ya samaki jikoni linakuwa limepoteza harufu kabla sahani haijafika mezani.

Kikibaki kipande, kiweke kwenye friji mapema na keshoye usikipashe moto, maana kitakauka na harufu itajaa nyumba nzima. Kichambue kikiwa baridi, changanya na vile viazi vya siki na maharagwe yaliyobaki, na tia mtindi kijiko kimoja au viwili. Tango la jana nalo litakuwa limekolea zaidi.