Mantiki usiisogeze hadi mwaka wa tatu

Mdogo wangu wa Mabawa, Tanga, usifanye hivyo! Umeandika kuomba ushauri: umepata nafasi ya kusoma falsafa chuo kikuu, halafu mtu anakushauri mantiki, kozi ya kupima kama hitimisho limefuata kutokana na hoja, uiweke mwaka wa tatu kwa kuwa "ni hesabu tu". Maneno hayo hayo niliambiwa na kaka mmoja wa mwaka wa mbele, mtu wa kwetu Tanga, nikamwamini kwa sababu katangulia. Baadaye nikajua kozi yenyewe hakuwahi kuisoma. Nikimkumbuka damu inachemka. Hujakisoma kitu, unakisemea nini?

Mwaka wa pili, falsafa ya lugha, tukapewa makala ya mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell ya mwaka 1905. Mfano wake maarufu: mfalme wa sasa wa Ufaransa ana upara. Ufaransa haina mfalme. Ukijibu ni uongo, unaulizwa: kwa hiyo ana nywele? Wenzangu wanaandika alama za mantiki ubaoni, mimi nanakili kama mtu anayechora. Kumbe Russell kaivunja sentensi vipande vitatu: kuna mfalme wa Ufaransa, hazidi mmoja, na yeyote aliye mfalme huyo ana upara. Sasa "si" ina mahali pawili pa kukaa. Ukiiweka mwanzoni, ukakanusha sentensi nzima, umesema kweli. Ukiiweka kwenye upara peke yake, bado umedai mfalme yupo, na huo ni uongo. Ni mistari miwili tu kwa anayejua kuandika "kuna" na "kila" kwa mfumo ulioanzishwa na Mjerumani Gottlob Frege mwaka 1879. Usipoujua, utarudia makala ile mpaka mafuta ya taa yaishe.

Mwaka wa tatu ndipo nikaisoma, sambamba na utafiti. Nikafeli, nikapata sapu, mtihani wa marudio. Sapu nayo ikanishinda. Wenzangu wamevaa majoho, mimi narudi chuoni kwa kozi moja, bumu, pesa ya mkopo ya kujikimu, hakuna, chakula na nauli vyote juu ya mama anayeuza samaki.

Na msiniambie haya ni ya Wazungu. Nenda Deep Sea, soko la samaki la kwetu Tanga, asubuhi: kila chombo kina nahodha wake. Je, kuna nahodha mmoja wa vyombo vyote? Hata mtoto atakataa. Haya, sema: kila kitu kina chanzo, kwa hiyo kuna chanzo kimoja cha vitu vyote. Hapo baraza zima linaitikia, na umbo la hoja ni lile lile! Mimi naamini Muumba ni mmoja, ila hoja hiyo peke yake haijathibitisha. Falsafa yote utakayosoma inakudai utenganishe mambo hayo mawili: hitimisho ni kweli? Na je, limefuata?

Kwa hiyo mwaka wa kwanza, semesta ya kwanza kama chuo kinaruhusu. Na ufanye mazoezi kwa penseli, kila siku. Majedwali ya ukweli, yale yanayoorodhesha kila namna sentensi zinavyoweza kuwa kweli au uongo, uyachore mwenyewe: sentensi mbili mistari 4, tatu mistari 8, nne 16. Madesa, notsi za kunakili kwa wenzio, yatakudanganya, maana uthibitisho uliokwisha kutatuliwa na mwenzio kila mtu anauelewa. Funika jibu, chukua karatasi tupu, ndipo utajua kama unajua.

Uliuliza pia vitabu na chumba cha kupanga. Hayo wengine watakujibu. Mimi nataka uniambie umeshaisajili, kabla dirisha la kozi halijafungwa.