Maswali yenu kuhusu ufufuo

Nimeombwa kusema neno dakika tano kwenye msiba wa jirani. Niseme nini, niache nini?

Anza kwa kumtaja marehemu kwa jina na kukubali kwamba mmeumia. Yesu mwenyewe alimlilia Lazaro (Yohana 11:35), ingawa alijua anakwenda kumfufua. Kisha soma andiko moja tu, 1 Wathesalonike 4:13-14. Mistari miwili inatosha. Angalia Paulo anavyosema: msihuzunike *kama na wengine wasio na matumaini*. Wasemaji wengi huishia kwenye "msihuzunike", na hapo wafiwa huona kama wamekatazwa kulia. Soma hadi mwisho: Yesu alikufa akafufuka, na hao waliolala katika Yesu, Mungu atawaleta pamoja naye. Hilo ndilo neno lako. Lieleze kwa sentensi nne au tano, omba kwa kifupi, keti.

Cha kuacha: "sasa amekuwa malaika", kwa sababu Biblia haisemi hivyo. Acha pia "Mungu alimpenda zaidi akamchukua". Mtoto aliyefiwa na mama akisikia hivyo, ataelewa kwamba Mungu ndiye aliyemnyang'anya. Usiishie kwenye "roho yake imepumzika", kwani tumaini letu linafika hadi kwenye mwili: huo huo mnaokwenda kuuzika utafufuliwa. Na tafadhali, jeneza lisiwe fimbo ya kuwatishia walio hai.

Mwenzangu kazini aliniuliza Wakristo tunatumaini nini hasa, nikababaika. Kuna jibu fupi?

Lipo, na ni la zamani kuliko Injili zilizoandikwa. Katika 1 Wakorintho 15:3-6 Paulo anasema anawapa watu yale aliyoyapokea yeye mwenyewe. Shika vitenzi vinne: alikufa, alizikwa, alifufuka, alitokea. Cha kwanza kina sababu yake: kwa ajili ya dhambi zetu. "Alizikwa" watu hukiruka, kumbe ndicho kinachozuia habari hii isigeuke kuwa ya mzimu au ndoto, kwa kuwa aliyefufuka ni yule yule aliyelazwa kaburini. "Alitokea" kina mashahidi: Kefa (ndiye Petro), wale Thenashara (mitume kumi na wawili), ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja. Waraka huo uliandikwa yapata miaka 25 baada ya msalaba, na Paulo anasema wengi wa hao 500 walikuwa bado hai.

Ukishavitaja vinne, ongeza mstari wa 20: Kristo ni limbuko. Mkulima analijua hilo. Suke la kwanza likiiva, shamba zima linafuata.

Jirani yangu ni Mwislamu. Nitamwelezaje bila kugombana?

Anzeni mnapokutana, kwenye kiyama: naye anaamini kwamba wafu watafufuliwa. Mnapoachana ni msalabani. Yeye anafundishwa kwamba Isa hakusulubiwa, nawe usijifanye tofauti hiyo haipo. Mwambie unachoamini na sababu yake, kisha umsikilize na yeye. Petro anataka tuwe tayari kujibu habari za tumaini lililo ndani yetu, "lakini kwa upole na kwa hofu" (1 Petro 3:15). Jibu la kweli lililotolewa kwa ukali limeshavunja nusu ya mstari huo.

Kwa nini parokiani kwetu mshumaa mkubwa wa Pasaka huwekwa kando ya jeneza?

Utazame kwa karibu: msalaba, Alfa juu, Omega chini (herufi ya kwanza na ya mwisho za Kigiriki), tarakimu nne za mwaka kwenye pembe, na chembe tano za ubani kwa ajili ya madonda matano. Huwashwa kwa moto mpya usiku wa mkesha, kanisa likiwa giza. (Wenye simu, zizimeni. Mwanga mmoja wa skrini unaharibu ishara yote.) Baada ya Pentekoste hukaa penye kisima cha ubatizo, na mishumaa ya wabatizwa huwashwa kutoka kwake. Kwa hiyo mwanga ulioupokea ulipobatizwa ndio unaokusindikiza ukizikwa.

Tarehe ya Pasaka inapatikanaje?

Ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi, kwa hesabu ya Kanisa. Haitangulii 22 Machi wala kupita 25 Aprili. Waorthodoksi wengi hutumia kalenda ya kale, ndiyo maana mara nyingi huadhimisha baadaye.

Watoto wetu wanakumbuka nguo mpya na pilau tu. Tufanyeje?

Pilau iendelee, ni sikukuu! Ila wapelekeni makaburini kwanza. Wamoravian huanza Pasaka huko alfajiri, desturi waliyoianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Jumamosi ng'oeni magugu kwenye kaburi la babu na bibi, mfagie. Jumapili mfike kabla jua halijachomoza, mtoto mmoja asome Marko 16:1-7. Mnong'onezeni asimame kidogo pale wanawake wanapoulizana nani atawavingirishia lile jiwe, wengine wapate kulifikiria swali hilo. Akimaliza, mkubwa aseme "Kristo amefufuka!" na wote waitikie "Amefufuka kweli kweli!" Kisha rudini nyumbani mkanywe chai.