Jibu: bili ya maji, LUKU na kodi, hela imeishia kwenye harusi

Pole sana mkuu. Umeuliza uanze na lipi: maji ya miezi miwili, umeme au kodi ya chumba hapo Buhongwa, mshahara ukiwa umeishia kwenye michango ya harusi.

Anza na maji. Nenda MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, kabla hawajakata, omba kulipa kwa awamu, lipa chochote ulichonacho na utunze risiti. Ukikatiwa, kuna na gharama ya kurudishiwa. Ila kwanza funga koki zote uitazame mita: kile kigurudumu kidogo kikiendelea kuzunguka, bomba linavuja na deni halitaisha hata ulipe vipi.

LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, nunua kidogo kidogo, usiruke miezi. Kodi ya jengo hukatwa humohumo. Ikijikusanya, uniti zinatoka chache mno. Na hiyo kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba kulipa, si yako, mwombe aikate kwenye pango.

Kuhusu kodi ya chumba, mwenye nyumba mfuate wewe, ukiwa na tarehe kamili ya kulipa, si “nitaona”.

Mkopo wa simu tafadhali usiguse. Hela ikiingia tu, deni linakatwa kwanza, unabaki mtupu na unakopa tena.