Maswali ya Wakulima: Cheti Hakioti Shambani

Barua na ujumbe mwingi nilioupokea mwezi huu unahusu mafunzo ya kilimo: nani anayatoa, yana faida gani, na kwa nini mkulima aliyefundishwa mara tatu bado analima vile vile. Nimechagua machache kati ya maswali hayo, na yale yaliyofanana nimeyaunganisha.

Swali: Nimehudhuria semina tatu za kilimo cha mboga na vyeti ninavyo, lakini nyanya na mchicha wangu bado vinaliwa na wadudu. Nihudhurie semina ipi sasa? – Msomaji, Chanika

Jibu: Msimu huu usihudhurie nyingine yoyote ya ukumbini. Umekwisha kusikia ya kutosha. Ulichokosa ni watu wa kuinama pamoja nawe kwenye tuta, wakageuza jani na kuangalia upande wa chini.

Nimeandika mara nyingi kuhusu shamba darasa, yaani wakulima kujifunza kwa kikundi shambani kwenyewe, na nitaendelea kuandika, kwa sababu sijaona njia nyingine inayobadilisha mikono ya mkulima kama hiyo. Ilianza Indonesia mwaka 1989 kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Wakulima wa mpunga wa huko walikuwa wamepiga dawa nyingi kiasi kwamba buibui na wadudu wengine walao wadudu waharibifu walikufa kwanza, na mdudu mdogo afyonzaye utomvu wa mpunga akazaliana bila mpinzani. Mwaka 1986 serikali yao ilifikia hatua ya kupiga marufuku aina 57 za dawa kwenye mpunga. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba kumpa mkulima maagizo hakutoshi, bali lazima ajifunze kulisoma shamba lake mwenyewe.

Katika shamba darasa, kikundi cha watu kama 25 hukutana mara moja kwa wiki, tangu kupanda hadi kuvuna. Huwa na vipande viwili, kimoja kikilimwa kama walivyozoea na kingine kwa ushauri mpya. Kila wiki huhesabu wadudu kwenye mimea michache, hutenganisha waharibifu na rafiki, huchora walichokiona kwenye karatasi kubwa, kisha hubishana kama kuna sababu ya kupiga dawa. Mwezeshaji huuliza zaidi kuliko anavyojibu. Mwulize afisa kilimo wa kata yako kama lipo shamba darasa la mboga karibu. Kama halipo, tafuta majirani kumi wanaolima bondeni, tengeni matuta mawili, na mumwombe aje kila wiki. Ni rahisi kwake kuja kwa watu kumi kuliko kuja kwako peke yako.

Swali: Dawa gani inaua wadudu wote kwa haraka? – Wasomaji sita tofauti

Jibu: Hakuna, na swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Anayeuliza dawa bila kutaja zao, mdudu na umri wa mmea hajaingia shambani kuangalia. Kantangaze wa nyanya, aliyeingia nchini mwaka 2014, kiwavi wake huishi ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, kwa hiyo dawa inayoua kwa kugusa humpita tu. Ukirudia ile ile kila wiki, unawabakiza wale wasiosikia dawa ili wawe wazazi wa kizazi kijacho.

Nina onyo ambalo hamkuliomba. Usinunue dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji, haina kibandiko, na maelezo yake yote yako mdomoni mwa muuzaji. Muuzaji amekuwa bwana shamba wa watu wengi wa mji huu kwa sababu dukani kuna mtu kila siku, na hilo linanisikitisha, maana anayeishi kwa kuuza dawa hatakuambia kwamba wiki hii haihitajiki. Kibandiko cha dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kina kipimo, na kina siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mchicha unaopigwa dawa jioni na kufungwa mafungu alfajiri unaliwa na watoto wa jirani zako.

Swali: Baba yangu analima mpunga Mvomero. Nimemweleza mara nyingi kuhusu kilimo shadidi, lakini anakataa katakata. Nitamshawishije nikiwa huku Dar es Salaam? – Msomaji, Tabata

Jibu: Anza kwa kumheshimu kukataa kwake. Unamwambia mzee aliyezoea kupandikiza miche ya wiki tatu au nne, kadhaa kwenye shimo moja, maji yakisimama shambani, kwamba sasa apandikize mche wa siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, sentimita 25 kwa 25, na maji ayaache yakauke kisha ayarudishe. Siku ya kwanza shamba hilo linaonekana tupu, na majirani watapita wakicheka. Ikiwa maji ya mfereji hayako mikononi mwake, yaani hupata zamu pale wengine wanapomaliza, basi kuyatoa maji shambani kwa hiari ni kuhatarisha chakula cha mwaka mzima. Njia hii ilibuniwa Madagaska katika miaka ya 1980 na padri wa Kifaransa, Henri de Laulanié, aliyekaa miaka mingi akiangalia mashamba ya wakulima, na inafaa sana mahali ambapo maji yanaongozwa. Pasipo hivyo, hofu ya mzee ina msingi.

Milima ya Uluguru inatufundisha jambo hili. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kitaalamu lilionekana jambo jema, lakini udongo wenye rutuba kule ni tabaka jembamba, na kuchimba ngazi kuliufukia na kuuleta juu udongo usiootesha kitu. Wakulima walisema hivyo, hawakusikilizwa, na mwaka 1955 zikazuka ghasia ambamo mtu mmoja aliuawa. Mpango wote ukaachwa. Tangu hapo kila mtaalamu aliyekwenda kule na jambo jipya alikuta milango imefungwa nusu.

Mimi mwenyewe nilikosea namna hiyo hiyo. Katika miaka ya 1990 nilikuwa bwana shamba wa kata mojawapo mkoa wa Pwani, wakati wa utaratibu wa mafunzo na ziara, ambapo kila wiki mbili tulipewa ujumbe wa kuupeleka kwa mkulima kiongozi. Ujumbe wangu ulikuwa mahindi kwa mstari, sentimita 75 kwa 30, na nilitembea na kamba yenye mafundo. Nilimkuta mama mmoja amechanganya mahindi na kunde bila mstari wowote, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba hajui kulima. Mvua za mwaka ule zilikatika mapema. Mahindi ya mstari na ya kwake yalikauka pamoja, lakini yeye alichuma kunde. Nilirudi kumwomba radhi, akanipa kunde nipeleke nyumbani. Sikusahau kwamba sikumwuliza hata mara moja kwa nini alipanda vile.

Kwa hiyo, mpigie baba simu, umwulize maji yanamfikia lini na kwa muda gani. Ikiwa anaweza kuyaongoza, mwombe akupe wewe robo eka, ulipie mbegu na vibarua, na hasara ikitokea iwe yako. Mpunga ukizaa machipukizi mengi mbele ya macho yake, hutahitaji kumwambia neno. Usipozaa, utakuwa umepata haki ya kunyamaza.

Swali: Afisa ugani wetu hatujamwona tangu mwaka jana. Tumlalamikie nani? – Msomaji, Mkuranga

Jibu: Mtendaji wa kata, kisha mkurugenzi wa halmashauri, kwa maandishi. Kabla ya kulalamika, hakikisheni mmewahi kumwita kama kikundi, mkiwa na siku, mahali na jambo mahususi. Mwaka 2022 maafisa ugani waligawiwa pikipiki na vifaa vya kupimia udongo, na lilikuwa jambo la maana, ila pikipiki bila fedha ya mafuta haifiki shambani. Yako mambo mengine ambayo wengi hawayajui: afisa huyu yuko chini ya halmashauri, na mara nyingi hutumwa kazi nyingine nyingi ambazo si za ugani. Ulizeni kwenye mkutano wa kijiji bajeti ya ugani ni kiasi gani na imetumikaje. Swali hilo ni la haki yenu, na halmashauri inawajibika kulijibu.

Swali: Siku hizi kuna video za kila kitu mtandaoni. Bado tunahitaji mafunzo? – Msomaji, Kinondoni

Jibu: Video huonyesha vizuri namna ya kukata pingili au kuunga mche, jambo ambalo maneno ya ukumbini hayawezi. Haijui udongo wako, wala haikusubiri ukosee ikusahihishe. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliyofikia watu wapatao milioni mbili. Nguvu yake haikuwa redio peke yake. Watu walikaa vikundi, wakasikiliza pamoja wakiwa na kiongozi na kitabu, wakajadili, kisha wakainuka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka siku ile ile au wiki ile. Tazameni video, lakini tazameni watano mkiwa kando ya shamba, na mmoja aandike mtakachojaribu.

Angalieni pia imerekodiwa wapi. Ratiba ya kupanda ya nyanda za juu haifai Pwani, na nimeshaona watu wa Kigamboni wakipoteza msimu kwa kuifuata.

Swali: Mafunzo ya kuhifadhi mahindi yaliwekwa saa nne asubuhi mjini. Mume wangu ndiye aliyekwenda, akarudi na fulana na kofia. Mahindi huyakausha na kuyahifadhi mimi. Nifanyeje? – Mama wa watoto wanne, Kisarawe

Jibu: Mama, barua yako ndiyo iliyonifanya niandike safu hii, na nakushukuru. Wanaoandaa mafunzo wanajua vizuri kwamba kukausha, kupukuchua na kutunza mahindi katika nyumba nyingi ni kazi ya wanawake. Wakiyaweka mjini, saa za kuteka maji na kupika, wakaita "mkuu wa kaya", basi wamekwisha kuchagua asiyeanika mahindi. Kisha taarifa itaandikwa kwamba watu arobaini wamefundishwa. Orodha ya mahudhurio inahesabu saini. Haisemi gunia lipi limepona.

Nitakueleza hapa jambo moja ulilopaswa kufundishwa. Chukua chupa safi ya kioo yenye mfuniko, iliyokauka kabisa. Kaanga vijiko viwili vya chumvi kwenye sufuria kavu, maana chumvi yetu ya Pwani hunyonya unyevu wa hewa na itakudanganya, kisha iache ipoe. Jaza mahindi theluthi moja ya chupa, tia chumvi, funga, tikisa kwa dakika moja au mbili na uiache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi ni mabichi, yarudishe kwenye turubai. Ikishuka yote chini na kuta zikabaki safi, unyevu uko chini ya asilimia 15. Usiyafunge bado. Kwa kuhifadhi inatakiwa asilimia 13.5 au chini yake, kwa hiyo yape jua kali tena, siku moja au mbili, kabla ya kuyatia kwenye mfuko usiopitisha hewa. Usiyaanike juu ya udongo, na yaliyooza au kuota ukungu yatenge kwa mkono kabla ya kupeleka mashineni. Usiwape kuku wala usiyatengenezee pombe.

Ninasisitiza kwa sababu ya sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, ambayo haionekani kwa macho na haiondoki kwa kupikwa. Waite jirani zako watatu, uwaonyeshe chupa. Na mume wako umwonyeshe pia, bila ugomvi. Hakujipangia yeye saa ile ya mafunzo.

Swali: Kampuni fulani inataka shilingi laki mbili za mafunzo na inaahidi kununua mazao yangu yote. Nijiunge? – Msomaji, Mbezi

Jibu: Usilipe mpaka umewakuta, nyumbani kwao, wakulima watatu waliokwisha kuvuna na kulipwa na kampuni hiyo. Wakikuonyesha picha tu, ondoka.

Swali: Kikundi chetu kimechanga nauli kwenda maonyesho ya Nane Nane Morogoro. Twende na nini ili tusirudi mikono mitupu? – Katibu wa kikundi, Kibaha

Jibu: Nendeni na maswali yasiyozidi matatu, yameandikwa, na kila swali liwe na mtu wake wa kulifuatilia. Watafiti wa TARI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, na walimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine huwapo kwenye mabanda, na siku za katikati, kabla ya kilele cha tarehe 8 Agosti, wana nafasi ya kuzungumza. Msikusanye vipeperushi. Simameni kwenye vipando, mwulize mbegu imepandwa lini, imepata mbolea kiasi gani na imemwagiliwa mara ngapi, kwa sababu kipando cha maonyesho kimetunzwa kuliko mtakavyoweza. Chukueni namba ya mtaalamu mmoja atakayekubali kupigiwa simu mwezi wa Novemba, mtakapokuwa shambani.

Mkiwa na muhogo wenye michirizi au mgomba unaonyauka, pigeni picha za jani, shina na mzizi uliopasuliwa, karibu na kwenye mwanga. Pingili wala mche msiubebe ndani ya basi, si kwenda wala kurudi, hata mkipewa bure na mtu mnayemwamini, maana ugonjwa husafiri nao.