Tabora hadi Kigoma na Hiace ya kulala: nendeni mvua za kwanza, msisubiri Juni

Mkuu salama? Nimesoma swali lako, una Hiace umeng'oa siti ukaweka kitanda na jiko la gesi, unataka wewe na shemeji mtoke Tabora mpaka milima ya Kigoma mkilala humo humo, na waliokujibu karibu wote wanakwambia subiri Juni mpaka Agosti barabara ikauke. Mimi niko Tabora, hiyo njia naipita na gari ya kulala hivyo hivyo, na nakataa. Kama safari ni ya kwenda kuangalia nchi basi njoo mwisho wa Oktoba kuelekea katikati ya Novemba, mvua za kwanza zikishagusa chini.

Huku hatuna vuli na masika kama nyie wa Dar, msimu wa mvua ni mmoja, unaanza hapo mwisho wa Oktoba au Novemba unaenda mpaka Aprili, Mei mwanzoni umeisha. Sasa kiangazi kikikolea, Agosti na Septemba watu wanachoma mashamba, msitu nao unaungua, moshi unatanda mpaka jua la jioni unaliangalia kwa macho makavu, ukifika Kigoma unasimama pale ufukweni ng'ambo huoni kitu, weupe mtupu. Ngoja mvua mbili tatu zipige uone. Asubuhi yake milima ya Congo imesimama upande wa pili wa ziwa unaona mpaka mabonde yake, na usiku mnakaa mlango wa gari uko wazi mnaangalia radi zinapiga huko huko ng'ambo, mwanga mnauona mlio hamuusikii.

Halafu msitu wenyewe. Wengi wanajua miti inasubiri mvua ndo itoe majani, miyombo, hiyo miti iliyojaa misitu ya huku, haina huo mpango, inachipua Septemba Oktoba ardhi ikiwa bado imepasuka, tena majani yanatoka mekundu, mengine rangi ya shaba, kijani kinakuja baadae. Mninga nao unatoa maua ya njano kabla hata ya majani. Ukishapita Urambo na Kaliua kuelekea Malagarasi unakatiza humo, ukipata sehemu nzuri simama uchume jani moja changa uliinue juani, jinsi lilivyo jembamba unaona mishipa yote. Ila usikae sana maana mbung'o wa pale hawana adabu, wanafukuza gari ikiwa inatembea na wanapenda rangi nyeusi na bluu iliyoiva, wanakuchoma juu ya shati. Funga vioo, na mwambie shemeji jinzi aiweke kwenye begi siku hiyo.

Pale Daraja la Kikwete punguza mwendo. Huo mto Malagarasi na mabwawa yake pamoja na mto Muyovozi ndo eneo la kwanza la Tanzania kuingia kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhioevu za kulindwa, mwaka 2000. Uvinza mnunue chumvi msonge mbele. Hali ya barabara usiulize humu mtandaoni, asubuhi ya safari nenda stendi uliza madereva wa mabasi ya Kigoma, wao wamepita jana.

Utamu uko mbele sasa. Kigoma mjini uko chini kabisa, ziwa liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, ukitoka unapita Mwandiga unaanza kupanda kwenda Kalinzi hadi Manyovu mpakani na Burundi, lami, kona juu ya kona, na hali ya hewa inabadilika mkiwa hapo hapo kwenye gari, mtavuta masweta. Muda huo watu wako mashambani na majembe, miteremko yote ni udongo mwekundu umegeuzwa, migomba katikati, na kahawa ikishapata mvua inachanua meupe, harufu inaingia mpaka ndani ya gari. Maua yenyewe hayachukui siku nyingi kwahiyo mkiyakuta shukuruni.

Kushuka ndo kazi. Gari ya kulala ni nzito, tenki la lita 100 likijaa ni kilo 100 hizo na ziko nyuma, zinakusukuma kwenye kona. Mimi napanda na maji nusu, huko juu maji yapo. Shuka na gia ile ile ambayo ungepandia, kama ni otomatiki toa kwenye D weka 2 au L, breki iwe ya kugusa na kuachia. Ukisikia harufu ya kuungua paki pembeni usubiri breki zipoe zenyewe, usije ukamwagia maji rimu. Mvua mara nyingi zinapiga mchana kwenda jioni, kwahiyo milima iendeshe asubuhi, saa nane uwe umeshapata pa kulala. Na ukiona kinjia cha udongo kinaitwa "shortcut" kimelowa, achana nacho, ule udongo mwekundu ukilowa hata bodaboda wanashuka wanasukuma.

Kulala usijifiche porini. Huku ni mpakani na kuna kambi za wakimbizi, vizuizi ni kawaida, vitambulisho vyenu vya NIDA vikae karibu na mjibu kwa upole mnapita. Mkifika kijijini nendeni kwa mtendaji, au parokiani, au omba kupaki ndani ya geti la gesti ulipe kidogo mtumie na choo. Watu wa kule ni wakarimu ila salamu zao ni ndefu na za kupiga makofi, usikimbilie kuuliza pa kulala kabla hamjamalizana.

Mtungi wa gesi ufunge na mkanda umesimama wima, na valvu ifungwe kabla ya kuwasha gari, kona za Kalinzi zitaurusha.

Gombe uliyouliza mwishoni, ile hifadhi ya sokwe, gari haifiki, ni boti kutoka Kigoma. Hiace iache mjini sehemu yenye mlinzi.