Doa jeusi mbele yako: kwa mnaoanza kliniki ya ngozi

Liguse doa kabla hujalipa jina. Keratosisi ya seboreiki, kiota cha ngozi kisicho saratani kinachowatisha wengi kwa weusi wake, hukaa juu ya ngozi kama tone la nta lililogandia, na ukiipapasa inakwaruza. Kwa dermatoskopu, yaani lenzi yenye taa ya kukuzia ngozi, utaona vitone vyeupe na vishimo vilivyoziba. Dematofibroma, kivimbe kisicho saratani ambacho hupenda miguu, ni ngumu. Ibane pande mbili kwa vidole, itabonyea katikati. Dalili hizi zinasaidia tu. Zipo melanoma, saratani ya seli za rangi ya ngozi, zinazofanana nazo sana, kwa hiyo doa linalobadilika, au lisilofanana na mengine yote ya mgonjwa, lifuatilie hata kama linakwaruza.

Nyayo zinataka uvumilivu zaidi. Katika ngozi nyeusi melanoma ni nadra, ila ikitokea, mara nyingi huwa unyayoni, kiganjani au chini ya kucha. Ngozi ya unyayo ina matuta na mifereji. Rangi ikifuata mifereji, kwa kawaida doa ni salama. Ikifuata matuta, hofia melanoma. Wanaoanza huvichanganya kila siku. Tafuta vitundu vya jasho, vile vitone vyeupe vilivyojipanga mstari: hapo ndipo juu ya tuta. Bado huoni? Paka wino, kisha futa. Utakaobaki umo mferejini.

Damu iliyovilia kisiginoni ikwangue taratibu kwa kisu cha upasuaji, itatoka pamoja na ngozi iliyokufa. Iliyo chini ya kucha husogea mbele kucha inapokua, kama milimita 3 kwa mwezi mkononi, mguuni polepole zaidi. Piga picha pamoja na rula, rudia baada ya miezi miwili. Mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwa watu weusi. Mstari mmoja unaopanuka, au rangi iliyomwagikia ngozi ya pembeni, unahitaji biopsi, yaani kukata kipande kipimwe maabara.

Kosa baya kuliko yote ni kuunguza au kugandisha doa lenye shaka. Ukishaliharibu, hakuna cha kupima. Likiwa dogo, likate lote na ukingo wa milimita 1 hadi 3, ufike kwenye mafuta. Ukikata juujuu huwezi tena kupima melanoma imezama kiasi gani, na kina hicho ndicho kinachoongoza matibabu. Kipande kiingie kwenye fomalini (dawa ya kukihifadhi) ya asilimia 10, ujazo mara 10 ya kipande. Kwenye fomu andika mahali, upande, muda tangu lilipoanza na unachokihofia. Usiandike "doa la ngozi" ukaishia hapo.