Soma Alama Zote Kabla ya Kuamini Kuwa Chombo ni cha Fedha

Birika la kwanza nililonunua nikiamini kuwa ni fedha halisi lilikuwa na vijingao vinne vilivyogongwa kwa mstari chini ya kitako chake, na ndani ya kila kimoja mlikuwa na herufi iliyopambwa kwa mikunjo ya mwandiko wa kale. Nilikuwa nimesikia kwamba fedha ya Uingereza huwa na alama nne au tano zilizopangwa hivyo, nikaridhika bila kutazama zaidi. Miezi kadhaa baadaye nilichukua kioo cha kukuzia, nikagundua kuwa herufi zile zilikuwa E, P, N na S, yaani chombo cha mchanganyiko wa nikeli kilichopakwa fedha kwa umeme. Mtengenezaji hakusema uongo hata kidogo. Aliandika ukweli kwa namna ambayo mtu mwenye pupa kama mimi asingeusoma.

Tangu siku hiyo hutafuta picha kwanza, herufi baadaye. Kwa vyombo vilivyokaguliwa London, Birmingham au Sheffield, namtafuta simba anayetembea, anayeonyesha ubavu wake, kwa kuwa ndiye aliyetumika tangu mwaka 1544 kuthibitisha fedha halisi, nayo ni sehemu 925 katika kila 1000. Kati ya 1697 na 1720 kiwango kilipandishwa kufikia karibu 958, na nafasi ya simba ikachukuliwa na mwanamke aliyeketi, aitwaye Britannia. Kwa hiyo kukosekana kwa simba hakutoshi kulitupa birika la miaka hiyo. Baada ya simba hutazama mji: kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, na taji lilikuwa la Sheffield hadi lilipobadilishwa kuwa waridi mwaka 1975. Kichwa cha mfalme au malkia, kilichogongwa kati ya 1784 na 1890 kuonyesha kuwa kodi imelipwa, hukupa kipindi cha chombo kwa mtazamo mmoja.

Herufi ya mwaka, yaani ile inayoonyesha mwaka chombo kilipokaguliwa, ndiyo iliyonisumbua kuliko zote. Kila ofisi ya ukaguzi ilikuwa na mzunguko wake wa alfabeti, na mzunguko ulipokwisha ulianza upya kwa mwandiko mwingine na jingao la umbo jingine, hivyo herufi moja huweza kuwakilisha miaka mingi iliyoachana sana. Mtu akikuambia kwamba K ni mwaka fulani bila kutaja mji, umbo la herufi na umbo la jingao lake, mshukuru kwa adabu kisha ukatazame mwenyewe kwenye jedwali.

Nje ya Uingereza hutegemea zaidi namba, na namba zina ujanja wake. Kwenye fedha ya zamani ya Urusi, 84 ni kipimo cha zolotniki, yaani sehemu 84 katika 96 kwa kipimo cha kale cha Kirusi, sawa na 875 katika 1000, lakini 84 hiyohiyo, au 90, kwenye kijiko cha Ulaya kilichopakwa fedha ni gramu za fedha zilizotumika kupaka seti ya vijiko na uma. Wengi hudhani 90 ni 900 iliyopoteza sifuri. Fedha ya Ujerumani iliyogongwa tangu 1888 huonyesha mwezi mwandamo na taji pamoja na namba, mara nyingi 800. Maneno ALPACCA au NICKEL SILVER hayaashirii fedha kabisa, bali mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki.

Alama zikinichanganya, nauliza chombo chenyewe. Mgongo wa kijiko na kingo za sinia huchakaa kwanza, na wekundu wa shaba ukijitokeza hapo, yaelekea ni kazi ya Sheffield ya kubandika fedha juu ya shaba, iliyoanza miaka ya 1740; umanjano hafifu wenye kijivu huashiria mchanganyiko wa nikeli. Sumaku nimeiacha, maana hainasi fedha wala shaba, hivyo haitofautishi chochote isipokuwa chuma.

Wako pia waliokata alama halali kutoka kwenye kijiko na kuzilehemu chini ya birika kubwa. Hapo huhemea mahali pale hadi pafanye ukungu, kwani mstari wa lehemu mara nyingi huonekana kabla ukungu haujakauka. Huangalia pia kifuniko: birika lenye alama kamili chini huku kifuniko chake kikiwa kitupu hunitia shaka.

Usisugue alama ili uzione vizuri; kila msuguo huondoa chembe za fedha, nami nimewahi kumfuta simba mzima kwa njia hiyo. Pitisha mwali wa mshumaa karibu na alama hadi zishike masizi mepesi, subiri chombo kipoe, bandika utepe wa gundi unaoonyesha, ubandue, kisha uuweke juu ya karatasi nyeupe. Hata alama iliyochakaa huweza kusomeka hapo kuliko juu ya chombo chenyewe.